Mzinga Haujielezi: Kinachopotea Katika Ngome ya San Marcos

Mwaka huu wa 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu Tamko la Uhuru la tarehe 4 Julai 1776, na maadhimisho ya namna hii hayakosi mizinga. Katika ngome ya Castillo de San Marcos, iliyoko mjini St. Augustine katika jimbo la Florida, mizinga haisubiri hata maadhimisho. Hupigwa mwishoni mwa wiki mbele ya wageni, na wanaoipiga huvaa sare za askari wa Hispania wa karne ya 18 na kupokea amri kwa Kihispania. Wakati huohuo nchi imo katika mabishano makali kuhusu kile ambacho wageni wa hifadhi za taifa waelezwe na kile wasielezwe. Wengi wanaoyafuatilia mabishano hayo huyachukulia kuwa ugomvi wa mabango, na onyesho la mizinga huliweka kando kama burudani isiyohusika. Mimi naona kinyume. Bango likiondolewa, pengo linaonekana ukutani. Mtu anaweza kulipiga picha na kulalamika. Maneno yanayosemwa kando ya mzinga yakiondolewa, hakuna pengo la kupigwa picha, kwa sababu mlio unabaki vilevile na umati unaondoka umeridhika. Kwa hiyo onyesho hilo linahitaji kulindwa kwa uangalifu kuliko bango lolote, na cha kulindwa zaidi ndani yake ni mtu anayeueleza mlio huo.

Tukumbushane kilichotokea. Tarehe 27 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyoitaka, pamoja na mengine, wizara inayosimamia hifadhi za taifa kuhakikisha kwamba kumbukumbu na maelezo yaliyo chini yake hayawadhalilishi isivyostahili Wamarekani waliopita au walio hai, na kwamba yanaelekeza macho kwenye mafanikio ya taifa. Mei mwaka huohuo waziri wa wizara hiyo, Doug Burgum, akatoa agizo la utekelezaji, na katikati ya mwaka yakabandikwa matangazo katika hifadhi kuwaomba wageni watoe taarifa wakikuta maelezo yanayowasema vibaya Wamarekani. Januari 2026, mjini Philadelphia, yaling'olewa mabango yaliyosimulia habari za watu tisa ambao George Washington aliwaweka utumwani katika nyumba aliyoishi akiwa rais, na uongozi wa jiji ukaenda mahakamani. Sambamba na hayo watumishi wamepungua: shirika la National Parks Conservation Association lilikadiria katikati ya mwaka 2025 kwamba Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa imepoteza karibu robo ya watumishi wake wa kudumu tangu mwaka uanze. Habari hizi mbili, ya maneno na ya watu, huandikwa kila moja kwa upande wake. Penye mzinga unaopigwa ni habari moja, kwa sababu huko maneno hayakuandikwa popote. Yamo kinywani mwa mtu, na mtu huyo akiondoka anaondoka nayo.

Ngome yenyewe ndiyo ngome ya mawe iliyo kongwe kuliko zote katika Marekani bara. Wahispania waliuanzisha mji wa St. Augustine mwaka 1565, wakajenga ngome za mbao moja baada ya nyingine, na baada ya maharamia kuuvamia mji mwaka 1668 wakaamua kujenga kwa mawe. Kazi ilianza mwaka 1672 na ngome ikakamilika mwaka 1695. Jiwe lililotumika huitwa coquina, ambalo ni maganda madogo madogo ya viumbe wa baharini yaliyogandamana, likachimbwa katika kisiwa cha Anastasia ng'ambo ya ghuba. Ni jiwe laini lenye vitundu tele, na ulaini wake ndio uliokuwa nguvu yake, kwani risasi ya mzinga ikilipiga halipasuki. Linabonyea na kuimeza. Mwaka 1702 gavana James Moore wa Carolina aliizingira ngome kwa karibu miezi miwili, watu wapatao 1,500 wakiwa wamejazana ndani. Mji aliuchoma, ngome ikamshinda. Mwaka 1740 James Oglethorpe wa Georgia aliipiga kwa mizinga siku 27, naye akarudi alikotoka. Ngome hiyo haijawahi kutwaliwa kwa vita. Ilibadilisha wenyewe mara kadhaa, lakini kila mara bila kutekwa kwa mapigano, na mara nyingi kwa mikataba iliyoandikwa mbali na hapo.

Sasa itazame kazi ya kupiga mzinga kwa karibu, maana wanaoibeza mara nyingi hawajaitazama. Kiswahili kinauita mzinga kwa neno lilelile la mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani, na ndivyo ulivyo: mtutu mnene ulio wazi upande mmoja, ambao hushindiliwa kwa mbele kama gobori. Kabla ya baruti kuletwa, mmoja wa wapigaji huingiza mti mrefu wenye chuma kilichojisokota nchani, akauzungusha ndani ya mtutu ili kung'oa mabaki ya kifuko kilichotangulia. Wa pili hufuata na sifongo iliyoloweshwa maji, akaisukuma mpaka mwisho na kuivuta polepole. Muda wote huo mwenzao aliye nyuma ameziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba kilichovishwa ngozi, na haruhusiwi kukinyanyua hata kikianza kuungua, kwa sababu hewa ikipenya hapo itaipulizia cheche iliyojificha ndani. Cheche moja ikibaki hai, baruti inawaka wakati mshindiliaji bado ana mikono mbele ya mdomo wa mzinga, na mikono haitarudi. Kisha kifuko cha baruti hushindiliwa, hutobolewa kwa sindano ndefu kupitia lile tundu, baruti laini humiminwa juu yake, na mwenye utambi hunyoosha mkono akiwa amesimama pembeni. Baruti hiyo ni shura asilimia 75, mkaa 15 na kiberiti 10. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi inapowaka, bali hutoka kama moshi mweupe mzito na masizi yanayoganda mtutuni, na hapo ndipo kazi ya sifongo inapoanza upya.

Nimeieleza hatua kwa hatua kwa sababu onyesho ni hizo dakika za kimya kuliko ile sekunde ya mlio. Mzinga hautiwi risasi, baruti hupunguzwa, na silaha zilizo mali ya makumbusho hazifyatuliwi kabisa. Zinazopigwa ni nakala. Mwili wa mtazamaji ndio unaojifunza. Anaona kwamba askari wa mwaka 1740 hakuwa akibonyeza kitu akasubiri matokeo; alikuwa fundi miongoni mwa mafundi, na uhai wake ulikuwa chini ya kidole gumba cha mwenzake. Hakuna kitabu kinacholifikisha jambo hilo kwa uzito huo, wala video. Hoja yangu yote inasimama juu ya kukiri kwamba mlio una nguvu kubwa sana. Kitu chenye nguvu kiasi hicho hakiachwi kijisemee.

Niliwahi kusimama juu ya kuta zile kusubiri mzinga upigwe. Amri zilipokuwa zikitolewa, mtoto wa miaka kama saba alimvuta baba yake shati akamuuliza, "Wanampiga nani?" Baba alitazama ghuba, akaona mashua za matembezi na daraja, akajibu kwamba hawampigi mtu, wanaonyesha tu. Jibu lilikuwa sahihi kwa siku ile. Hata hivyo swali la mtoto ndilo swali pekee la kihistoria lililoulizwa pale kabla ya utambi kushuka, na lina majibu ambayo mgeni hawezi kuyapata kwa kuitazama bahari. Hata maji yale yana jina linalohitaji mtu wa kulieleza: ni ghuba ya Matanzas, neno la Kihispania lenye maana ya mauaji, kwa kumbukumbu ya Wafaransa Waprotestanti waliochinjwa na Wahispania kusini mwa hapo mwaka 1565.

Walikuwa wanampiga nani mwaka 1740, na nani alikuwa nyuma ya ukuta? Jibu la kwanza ni rahisi: walikuwa wakipigana na Waingereza wa Georgia na South Carolina. La pili ndilo wengi hawalitarajii. Mwaka 1687 kundi dogo la watumwa, wanaume wanane, wanawake wawili na mtoto mmoja, lilitoroka Carolina kwa mtumbwi likafika St. Augustine. Wengi wa wanaume hao waliwekwa kwenye kazi ya ujenzi wa ngome hii, kwa hiyo mikono ya watoro imo ndani ya kuta zenyewe. Mwaka 1693 mfalme Carlos II wa Hispania alitoa tangazo la kuwapa uhuru watoro waliokimbilia Florida na kuingia Ukatoliki. Mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano aliwapa watu hao makazi yao yenye ngome, Gracia Real de Santa Teresa de Mose, kaskazini mwa mji, chini ya kapteni Francisco Menéndez, Mwafrika mwenye asili ya Kimandinka. Ndiyo makazi ya kwanza ya Weusi huru kuidhinishwa kisheria katika eneo ambalo leo ni Marekani. Septemba 1739 watumwa walioasi karibu na mto Stono, South Carolina, walielekea kusini upande huohuo, na mwaka uliofuata Oglethorpe akaja na jeshi. Watu wa Mose walihamishiwa chini ya ulinzi wa San Marcos, na Juni 1740 wanamgambo wao, pamoja na Wahispania na wenyeji wa asili, wakarudi usiku na kuikomboa Mose kwa mapambano ya ana kwa ana yaliyovunja nguvu za mazingiwa.

Kwa hiyo mzinga unaopigwa leo kwa sare za wakati ule, ukielezwa sawasawa, ni mzinga uliolinda watu waliokuwa wamejikomboa dhidi ya wale waliotaka kuwarudisha utumwani. Ukielezwa nusu, unakuwa mzinga wa Hispania dhidi ya Uingereza, falme mbili za kale zisizomhusu mtoto aliyeuliza swali. Sisemi kwamba Hispania ilikuwa na huruma. St. Augustine yenyewe ilikuwa na watumwa. Tangazo la mfalme lilikuwa silaha ya kudhoofisha makoloni ya jirani. Menéndez mwenyewe alidai uhuru wake kwa maombi ya miaka mingi, ingawa alikuwa ameipigania serikali iliyokuwa ikimcheleweshea. Na uhuru ulikuja na masharti ya dini na ya kubeba silaha. Georgia nayo, ambayo jeshi lake lilikuja kuizingira ngome, wakati ule ilikuwa imepiga marufuku utumwa ndani ya mipaka yake, marufuku iliyokuja kuondolewa miaka kumi na moja baadaye. Mambo hayo yote yanaweza kusemwa kwa dakika sita na mtu anayeyajua. Hayawezi kusemwa na mlio.

Uje mwaka 1776, ambao ndio unaoadhimishwa, na mambo yanazidi kukaza. Florida ilikuwa imekabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1763, na watu wa Mose wakahamia Cuba pamoja na Wahispania. Makoloni kumi na tatu yalipotangaza uhuru, Florida ya Mashariki haikuwa miongoni mwayo. Ilibaki kumtii mfalme George III. San Marcos, iliyopewa jina la Fort St. Mark, ilikuwa ngome ya upande mwingine wa vita hiyo. Mji wa Charleston ulipoanguka mwaka 1780, Waingereza waliwapeleka St. Augustine viongozi wa mapinduzi kama wafungwa, na miongoni mwao walikuwemo watu watatu waliotia saini Tamko la Uhuru: Edward Rutledge, Thomas Heyward Mdogo na Arthur Middleton. Mwenzao Christopher Gadsden, aliyekataa kuahidi tena kwa neno lake kwamba hatatoroka, alifungiwa ndani ya ngome kwa wiki 42 hivi. Watia saini hao watatu walitoka tabaka la wenye mashamba ya watumwa la South Carolina, koloni lilelile ambalo watoro walilikimbia kuja hapa. Mzinga ukipigwa Julai juu ya kuta hizi kwa heshima ya uhuru wa mwaka 1776, mgeni anastahili kujua kwamba amesimama mahali ambapo uhuru ulikuwa na mlango miaka 38 kabla ya tamko, kisha baadhi ya waliolitia saini wakaletwa huku wakiwa mateka.

Bado ngome haijamaliza. Marekani ilipoichukua Florida mwaka 1821 iliifanya kituo cha jeshi na gereza, ikaiita Fort Marion tangu mwaka 1825. Mwaka 1837 alifungwa humo Osceola, kiongozi wa Waseminole, taifa la wenyeji wa asili wa Florida, aliyekamatwa akiwa chini ya bendera nyeupe ya mazungumzo. Mwenzake Coacoochee akatoroka na wengine kumi na tisa. Kuanzia mwaka 1875 hadi 1878 waliwekwa hapo wapiganaji wa Cheyenne, Kiowa na mataifa mengine ya nyanda za magharibi, ambao walijaza vitabu vya hesabu kwa michoro ya maisha waliyonyang'anywa, na mwaka 1886 wakaletwa Waapache mamia kadhaa, wengi wao wanawake na watoto. Wakati huo ukuta ulikuwa umegeuza uso: ulijengwa kuwazuia walio nje, sasa ukawazuia walio ndani. Sare ya mwaka 1740 haiwezi kuyaonyesha haya, na sidhani kwamba inapaswa kujaribu. Lakini anayezungumza kabla na baada ya mlio anaweza, na kwa miaka mingi wapo waliofanya hivyo vizuri.

Wanaopinga maonyesho haya wana hoja zinazopasa kupimwa kwa heshima. Wapo wanaosema kwamba kuifanya silaha kuwa tamasha la mwisho wa wiki kunawazoesha watoto kuipenda vita. Wapo waliotoka vitani wenyewe, au waliokimbia vita kwao, ambao mlio wa ghafla unawarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Hoja hii ya pili ni nzito na jibu lake ni la vitendo: tangazo lisomeke mlangoni, saa za kupiga zifuatwe, na pawepo mahali pa kukaa mbali na sauti. Kwa hoja ya kwanza nakubaliana nao nusu. Onyesho linaloanza na kuisha kwa kishindo na makofi ndilo wanalolielezea, na wana haki kulichukia. Lakini kulifuta kunawanyima watoto haohao nafasi ya kuona kile ambacho mchezo wa vita kwenye skrini unakificha, yaani ule utaratibu mrefu wa uangalifu na hofu, na umbali mfupi kati ya kidole gumba na mauti. Mtu aliyeona mshindiliaji akirudisha mkono wake kwa tahadhari haondoki akidhani kwamba vita ni rahisi.

Watetezi wa maagizo mapya nao wana jambo la kweli ndani ya hoja yao, nami sitaki kulipita. Wanasema kwamba mgeni aliyesafiri na familia yake hakuja kuhubiriwa, na kwamba kuna maelezo ya historia yaliyoandikwa kwa sauti ya mwendesha mashtaka. Nimewahi kusoma maelezo ya namna hiyo katika makumbusho zaidi ya moja, na hayanifundishi chochote. Lakini dawa ya maelezo yaliyoandikwa vibaya ni kuandika vizuri. Katika San Marcos ukweli mzima haumdhalilishi yeyote aliye hai. Unawapa wageni, wakiwemo Wamarekani wenye asili ya Afrika na wenyeji wa asili, mababu waliopanga, waliopigana na waliochora wakiwa gerezani. Amri inataka mafanikio yaonyeshwe. Kuna fanikio gani kubwa katika pwani ile kuliko watu wapatao mia moja kutoka utumwani, kujenga ngome yao wenyewe na kuilinda? Tatizo ni kwamba huwezi kulitaja fanikio hilo bila kumtaja waliyemkimbia. Msemaji aliyeambiwa kwamba mgeni yeyote anaweza kumripoti kwa kuwasema vibaya Wamarekani waliopita atafanya hesabu yake kimyakimya, na hesabu hiyo itaishia kwenye sentensi salama: ngome ilijengwa lini, mzinga una uzito gani, zibeni masikio.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika zaidi, ni ile inayosema kwamba mzinga hauna siasa. Mzinga ni mzinga, wanasema. Acheni mabishano yenu kwenye mabango, sisi tupigieni. Wanatoa mfano wa miji mingine yenye mizinga inayolia bila mhadhara, kama mzinga wa adhuhuri wa Cape Town, ambao umekuwa ukipigwa tangu mwaka 1806, au ule wa ngome ya Edinburgh unaopigwa saa saba mchana tangu mwaka 1861. Mfano huo unawageuka. Mizinga hiyo ilikuwa ishara ya wakati kwa mabaharia. Inaposikika inasema jambo moja linaloeleweka kwa mlio peke yake, kwamba saa imefika. Mlio wa San Marcos ni kipande cha pigano kilichorudiwa, na pigano lina pande. Sare ni ya upande mmoja, lugha ya amri ni ya upande mmoja, mwaka umechaguliwa miongoni mwa karne tatu na nusu za maisha ya ngome. Mtu alikaa akachagua askari wa Hispania wa wakati wa kuzingirwa badala ya mlinzi wa gereza wa mwaka 1875. Sina ugomvi na uchaguzi huo. Ndio unaofaa kwa mizinga ya ngome hii. Ila aliyechagua hawezi kudai kwamba hakusema kitu. Na mlio usioelezwa haubaki mtupu, kwa kuwa msikilizaji huujaza kwa kile alichokuja nacho. Julai hii wengi watakuja na bendera, na watasikia mzinga wa mwaka 1776 ambao haukuwahi kupigwa hapo kwa ajili ya upande huo.

Wapo pia wanaolitazama jambo hili kwa jicho la bajeti, na hao nawaelewa zaidi. Kupiga mzinga mara moja kunahitaji watu kadhaa waliofunzwa, msimamizi aliyeidhinishwa, baruti iliyohifadhiwa kwa masharti, na wengine wa kuwazuia wageni wasisogee. Wengi wa wavaa sare ni watu wa kujitolea, lakini wa kujitolea hawajifunzi wenyewe. Anahitajika mtumishi wa kudumu anayeijua kazi, anayewapima, na mwenye mamlaka ya kusema leo hatupigi. Watumishi wakipungua kwa robo, mkuu wa ngome ana njia tatu. Anaweza kupunguza idadi ya maonyesho, na wageni watanung'unika. Anaweza kuweka spika na mlio uliorekodiwa, jambo ambalo litaua ile faida ya mwili kujifunza. Au anaweza kuwatumia wote walio na mafunzo kwenye mzinga wenyewe na kumwondoa yule mmoja ambaye kazi yake ni kusema tu. Njia ya tatu ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu ndiyo isiyoonekana kwenye ripoti. Idadi ya maonyesho itabaki ileile, idadi ya wageni itabaki ileile, na hakuna atakayeona kwamba kuna kilichofungwa.

Ikinilazimu kuchagua kati ya njia hizo, nachagua ya kwanza bila kusita. Afadhali mizinga miwili kwa siku yenye msemaji kuliko mitano isiyo naye. Usalama hauna mjadala, na kwa bahati njema usalama na maelezo vinakwenda pamoja: utaratibu wenyewe unalazimisha kusubiri, kuchokonoa, kulowesha, kukagua, na katika kusubiri huko umati uko kimya na macho yake yako mahali pamoja. Sijui mwalimu anayepata dakika bora kuliko hizo. Ni dakika za kutaja majina, la Menéndez na la Montiano, la Oglethorpe, la Coacoochee, na kwa mwaka huu la Gadsden aliyefungwa chini ya sakafu ambayo umati umesimama. Ni dakika pia za kuruhusu maswali, na msemaji awe huru kulijibu la mtoto bila kufikiria nani ameshika simu.

Jambo moja zaidi haligharimu kitu. Wageni wakishasikia mlio hutawanyika kuelekea ngazi, wengi bila kupita upande wa kaskazini, kwa sababu huko hakuna mandhari ya bahari. Lakini huko ndiko walikotokea watoro, na huko ndiko Mose iliko. Nakala ya ngome yao imejengwa upya katika bustani ya jimbo, ikafunguliwa mwaka 2025, na iko chini ya mamlaka ya Florida, nje ya mkono wa Idara ya Hifadhi za Taifa. Moshi ukiwa bado haujaisha, mpiga mzinga mmoja aliyevaa sare anaweza kuwaongoza watu hatua chache mpaka ukuta huo, akanyoosha mkono juu ya paa za mji, na kuwaambia kwamba ni mwendo wa kilomita tatu.